Begi la dharura la saa 72 kwa familia ya watu wanne: je, linatosha kwa kimbunga cha Houston?

Kila mwaka, msimu wa vimbunga unapokaribia, maduka makubwa ya Houston hupanga karibu na mlango wa kuingilia mabegi mekundu ya mgongoni yenye maandishi meupe yanayoahidi kwamba familia ya watu wanne itaishi saa 72 kwa vilivyomo ndani. Mabegi hayo huuzwa pia mtandaoni, na bei ya lile nililolinunua, kodi ikiwa imeongezwa, ilikaribia dola 160. Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, kwa sababu mabegi mengi ya aina hii yanafanana mno kwa vilivyomo, na tathmini hii inaweza kumsaidia hata anayefikiria kununua la kampuni nyingine. Nimelifungua, nimetandaza kila kitu sakafuni, nimepima, nimeonja, nimewasha na kuzungusha, na maoni yangu nayatoa mapema ili asiye na muda asilazimike kusoma mpaka mwisho: begi hili lina vitu vizuri vichache, linamfaa mtu anayelazimika kuondoka nyumbani kwa haraka, lakini familia inayobaki ndani ya nyumba bila umeme katika joto la Julai, jambo ambalo ndilo hutupata wengi wetu hapa Houston, itagundua kwamba limeacha karibu kila kitu muhimu.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Houston na vitongoji vyake vina familia nyingi kutoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo, na wengi wetu hatukulelewa na desturi za kujiandaa kwa vimbunga. Pwani ya Afrika Mashariki iko karibu na ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi huelekea zaidi Madagaska na Msumbiji kuliko kwetu. Vinapotufikia huwa tukio la kukumbukwa: Lindi ilipigwa Aprili 1952, Kenneth ilitishia Mtwara mwaka 2019 kisha ikaingia Cabo Delgado, na Hidaya ilifika maeneo ya Mafia mwezi Mei 2024. Mzaliwa wa Galveston, mji wa pwani jirani na Houston, amemwona bibi yake akiweka maji na mishumaa kila mwezi wa sita, na kwake maandalizi ni sehemu ya kalenda. Sisi tunajifunzia dukani, na ndiyo maana begi lililokwisha kufungwa tayari hutuvutia kuliko wengine, na ndiyo maana lazima lichunguzwe kwa makini zaidi.

Msimu wa Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Katika kipindi hicho Houston huweza kupigwa kwa namna mbili zilizo tofauti kabisa. Agosti 2017 Harvey iliingia nchi kavu karibu na Rockport ikiwa na nguvu ya daraja la 4 kati ya 5, lakini mateso ya Houston hayakuletwa na upepo; yaliletwa na mvua iliyonyesha siku kadhaa bila kuondoka, na huko Nederland, mashariki mwa jiji, jumla ya mvua iliyopimwa ilizidi milimita 1,500. Julai 2024 ikaja Beryl, daraja la 1 tu, ikaingia karibu na Matagorda alfajiri ya Jumatatu tarehe 8. Wengi walisikia daraja la 1 wakalala usingizi mzuri. Kulipokucha, zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme katika eneo la Houston walikuwa gizani, na wapo waliokaa zaidi ya wiki nzima bila kiyoyozi wala friji huku joto la mchana likizidi nyuzi 32. Daraja la kimbunga hupimwa kwa kasi ya upepo peke yake. Halisemi chochote kuhusu mvua itakayonyesha, maji ya bahari yatakayosukumwa nchi kavu, wala muda ambao nyumba yako itakaa bila umeme. Hivyo begi lolote linalouzwa kwa watu wa mji huu lipimwe kwa hali hizo mbili, ya maji na ya giza lenye joto.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiko kwenye kasoro kubwa kuliko zote. Ndani ya begi kuna pakiti 24 za maji, na kila moja ina mililita 125. Jumla yake ni lita 3. Ukizigawa kwa watu wanne kwa siku tatu, kila mtu anapata robo lita kwa siku, yaani glasi moja ndogo. Mamlaka za maafa za Marekani zinashauri galoni moja kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa na usafi, nayo ni sawa na lita 3.8, hivyo familia ya watu wanne inahitaji zaidi ya lita 45 kwa siku hizohizo tatu. Tofauti kati ya lita 3 na lita 45 si ndogo ya kusamehewa, na katika nyumba yenye joto, yenye mtoto mdogo au mama anayenyonyesha, ni tofauti inayoweza kumfikisha mtu hospitalini. Pakiti zenyewe ni imara, nilizikanyaga kwa kiatu hazikupasuka, na zimechapwa tarehe ya kudumu miaka mitano. Kwa mtu anayebeba begi mgongoni zina maana, kwa sababu lita 45 ni kilo 45 na hakuna mgongo utakaozibeba pamoja na watoto. Lakini maandishi ya nje yangesema wazi kwamba maji haya ni ya njiani tu. Hayasemi hivyo, yanasema saa 72 kwa watu wanne.

Dawa ya upungufu huo haina gharama kubwa. Mtungi wa plastiki wenye bomba, wa takriban lita 26, huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kupigia kambi kwa kiasi cha dola 20, na miwili yake inakidhi mahitaji ya siku tatu. Maji ya bomba la Houston ni salama kuyajaza kabla ya kimbunga kufika, ilimradi mtungi uwe umeoshwa. Hodhi la kuogea nalo lijazwe, si kwa kunywa bali kwa kumwagia chooni, kwa kuwa shinikizo la maji likishuka choo ndicho kitu cha kwanza kuwasumbua watu waliofungiwa ndani. Waliotoka kwenye mitaa yetu ambako ndoo na pipa ni vifaa vya kila siku hawahitaji kufundishwa hili. Wanahitaji tu kukumbuka kwamba Houston nayo ina siku zake za ndoo.

Chakula kimewekwa kwa namna ya vitonge vinne vigumu, kimoja kwa kila mtu, vilivyofungwa kwa karatasi ya rangi ya fedha na kukatwa vipande 9 vya kalori 400 kila kimoja. Hesabu yake ni vipande vitatu kwa siku, sawa na kalori 1,200. Nilikionja: kina unga wa ngano, sukari, mafuta ya mimea na harufu ya limau, na kinamomonyoka mdomoni kama kashata iliyokaa muda mrefu kabatini. Hakiwashi kiu, na hilo ni jambo la kusifiwa, kwa sababu mtengenezaji amejizuia kuweka chumvi. Mtu mzima anaweza kuvumilia. Watoto wangu walikula kipande kimoja na kukataa cha pili, na siamini kwamba mtoto aliyeogopa upepo usiku kucha atakipokea kwa moyo kuliko walivyokipokea wao mchana wa kawaida.

Hapo pia jikoni mwetu mna chakula bora zaidi kwa fedha kidogo: tende, karanga, maharage ya kopo, samaki wa kopo, mkate, siagi ya karanga, maziwa yasiyohitaji friji. Kinachosahaulika mara kwa mara ni opena ya mkono, kwa sababu nyumba nyingi hapa zina opena ya umeme, na begi hili halina opena yoyote. Unga wa ugali na mchele ni akiba nzuri mahali penye moto, lakini nyumba za kupanga za Houston nyingi zina jiko la umeme, na umeme ukikatika gunia la mchele linabaki kuwa mzigo. Wenye jiko la gesi wanaweza mara nyingi kuliwasha kwa kiberiti, na hao wana nafuu kubwa.

Hili la moto linanipeleka kwenye jambo ambalo ningependa kila msomaji alichukue kwa uzito, hata akipuuza mengine yote. Hakuna ndani ya begi kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye jenereta, gari linalonguruma, na jiko la mkaa. Kipeperushi kilichomo kimeitaja hewa hiyo kwa sentensi moja tu, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana mwaka 2020, moshi wa jenereta ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vilivyofuata. Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme wa Texas, watu wa Houston walikufa kwa hewa hiyohiyo baada ya kuwasha magari na majiko mahali palipofungwa ili wapate joto. Upepo ulikuwa umepita, au haukuwapo kabisa, na bado watu walikufa sebuleni kwao.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kuogopa. Wengi tumekua na jiko la mkaa, tumelala kwenye nyumba ambazo lilipikiwa ndani au kwenye kibaraza, na hatukuona madhara kwa kuwa nyumba hizo zilipitisha hewa juu ya kuta na chini ya milango. Nyumba ya Houston imezibwa kila upande ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Jiko la mkaa au la kuchomea nyama likiingizwa ndani humo, hata kwa kupasha uji wa mtoto, linaweza kuua familia yote ikiwa imelala. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekezwa mbali na madirisha na milango, na isiwekwe gereji hata kama mlango wa gereji umefunguliwa. Kifaa cha kugundua hewa hiyo kinachotumia betri hupatikana kwa takriban dola 25. Kwa begi la dola 160 linalouzwa katika jiji ambalo kila mtaa una jenereta, kukosekana kwake sikubaliani nako kabisa.

Redio ndiyo kitu kizuri kuliko vyote humu, na ningeinunua peke yake. Ni ndogo, inaingia kwenye kiganja, ina mkono wa kuzungusha upande mmoja, kipande cha sola juu, na taa mbele. Inapokea FM na AM, na muhimu zaidi inapokea masafa ya redio ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, ambayo kwa Houston husikika kwenye 162.400 MHz usiku na mchana. Niliiweka kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha na sauti ilikuwa safi. Ukizungusha mkono kwa dakika moja unapata dakika chache za kusikiliza, na mkono wenyewe, ingawa ni wa plastiki, haukulegea. Kuchajia simu kwa mkono huo ni jambo jingine: betri ya ndani ni ndogo mno kulinganisha na betri ya simu ya kisasa, na baada ya kuzungusha mpaka bega likachoka, simu ilipanda kwa asilimia chache tu. Kwa simu, nunua pawabanki nzuri na uijaze kabla ya kimbunga, usitegemee mkono.

Redio hii ina upungufu mmoja ambao mnunuzi hauoni mpaka asome maelezo kwa makini: haiwezi kuwekewa namba ya kaunti yako ili ikuamshe tahadhari inapotolewa. Redio za mezani zenye uwezo huo hukaa kimya mpaka tahadhari ya eneo lako itangazwe, kisha hulia kwa nguvu hata saa nane ya usiku, na kwa Kaunti ya Harris namba ya kuingiza ni 048201. Zinauzwa kati ya dola 30 na 50. Simu pia hulia, lakini minara ya simu nayo inahitaji umeme. Familia yenye usingizi mzito, au inayoishi kwenye nyumba za kuhamishika (mobile homes) ambazo hazihimili vimbunga vidogo vya nchi kavu vinavyozaliwa ndani ya kimbunga kikubwa, inahitaji redio ya kuamsha kuliko redio ya kusikiliza.

Mablanketi manne ya karatasi ya rangi ya fedha yamewekwa kwa ajili ya kuhifadhi joto la mwili. Mwezi wa saba Houston hakuna anayetafuta joto. Mahali hapo ndipo begi linapoonyesha kwamba halikutengenezwa kwa ajili yetu: limekusudiwa kuuzwa nchi nzima, kwa tetemeko la California, theluji ya Minnesota na kimbunga cha Texas kwa pamoja, na mtengenezaji amechagua vitu vya wastani visivyokidhi hitaji la mahali popote. Kwa nafasi ya mablanketi hayo ningeweka feni ndogo mbili za betri, taulo za kulowesha, na chumvichumvi za kuchanganya na maji kwa anayetokwa jasho sana. Makoti ya mvua ya nailoni yanafaa. Vijiti vinne vya mwanga wa kijani hudumu saa 12 na ni salama kwa watoto kuliko mishumaa, ingawa taa moja ya betri ya kuweka mezani ingewapa wote utulivu zaidi. Barakoa ni nzuri, hasa kwa kazi ya kusafisha nyumba yenye ukungu baada ya mafuriko. Filimbi nayo ni nzuri.

Sanduku la huduma ya kwanza limejaa plasta nyingi ndogo na limekosa vitu vizito. Nilitafuta bandeji pana ya kufunga jeraha la kioo au la msumari nikapata moja. Dawa za maumivu ni vidonge vichache. Hili si kosa la pekee la kampuni hii, kwa kuwa hakuna begi la kiwandani linaloweza kujua kwamba baba mkwe wako anatumia dawa za presha na mtoto wako ana pumu. Dawa za kila siku ziwe za kutosha wiki mbili, na ombi la kujaziwa mapema lipelekwe kwenye duka la dawa kabla ya kimbunga kuingia Ghuba ya Meksiko, kwa sababu kikishaingia foleni huwa ndefu. Wenye kisukari waulize mapema jinsi ya kutunza insulini nyumba ikikosa ubaridi. Deli lenye barafu ni msaada, ilimradi insulini isigusane na barafu yenyewe ikaganda.

Kuhusu friji, kipeperushi kinasema ukweli na ninakisifu kwa hilo: chakula hubaki salama kwa takriban saa 4 mlango usipofunguliwa, na friza iliyojaa hushika ubaridi kwa takriban saa 48, au saa 24 ikiwa imejaa nusu. Familia zetu nyingi hununua mbuzi mzima na kujaza friza, na hasara yake huwa kubwa. Jaza nafasi zilizobaki kwa chupa za maji siku mbili tatu kabla. Zikiganda zinarefusha ubaridi wa nyama, na zikiyeyuka zinakuwa maji baridi ya kunywa, kwa hiyo kazi moja inatimiza mahitaji mawili.

Begi lenyewe ni la nailoni nyekundu yenye mistari inayong'aa gizani. Mikanda ni mizuri na mishono imepigwa mara mbili. Nililiweka bafuni nikamimina mtungi wa maji juu yake; mbele hapakuingia kitu, lakini zipu ya juu ilipitisha maji mpaka kwenye mfuko wa ndani, ule ule uliochorwa alama ya nyaraka. Kwa mhamiaji, nyaraka zina uzito kuliko chakula cha siku tatu. Pasipoti, kadi za ukaazi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za kesi ya ukimbizi, mkataba wa nyumba na bima, vikilowa vyote kwa usiku mmoja, vitachukua miezi mingi na ada nyingi kupatikana tena, na baadhi vinatoka ofisi ambazo ziko bara jingine. Viwekwe kwenye mifuko ya plastiki inayofungika kabisa kabla ya kuingia kwenye begi lolote, na picha zake zihifadhiwe kwenye simu na kwa ndugu anayeaminika aliye mji mwingine. Ongeza pesa taslimu za noti ndogo, kwa sababu mashine za kadi zinazimika pamoja na taa, na tangi la gari lijazwe mapema, kwa kuwa pampu za mafuta nazo zinaendeshwa kwa umeme.

Kipeperushi kimeandikwa kwa Kiingereza na Kihispania. Sitegemei kampuni ya Marekani ichapishe Kiswahili, lakini ninajua nyumba ambazo bibi au babu ndiye anayebaki na watoto wakati wazazi wako zamu, na mzee huyo hawezi kusoma neno lolote humo. Nyumbani kwetu nimeandika kadi moja kwa Kiswahili kwa herufi kubwa na kuibandika ndani ya mlango wa kabati: namba za simu, anwani kamili ya nyumba ya kumtajia mtu wa 911, namba ya dharura, mahali lilipo swichi kuu la umeme, jina la jirani wa kwanza kugongewa, na jina la shangazi aliye Dallas ambaye wote tutampigia ikiwa hatuwezi kupatana sisi kwa sisi. Mama mkwe aliisoma kwa sauti, akauliza swali moja ambalo sikulitarajia, kwamba akipiga 911 azungumze lugha gani. Ataje Swahili, nilimjibu, na wataunganisha mkalimani kwa simu. Sentensi hiyo ikaongezwa kwenye kadi. Texas pia ina namba 211, ambako mtu anaweza kuuliza makazi ya muda na kujiandikisha mapema kama atahitaji msaada wa kusafirishwa kwa sababu ya uzee, ulemavu au kukosa gari.

Kuhama au kubaki ni uamuzi ambao begi haliwezi kukufanyia, ingawa kwa anayehama ndipo linapostahili bei yake. Eneo la Houston na Galveston limegawanywa kwa namba za posta katika kanda za kuhamishwa, ya pwani kabisa, kisha A, B na C, kulingana na hatari ya maji ya bahari. Ujue kanda yako leo. Aliye ndani ya kanda zilizotajwa aondoke anapoambiwa, bila kungoja wa mwisho mtaani. Galveston ilipoteza watu takriban 8,000 kwa kimbunga cha mwaka 1900, na maji ndiyo yaliyowachukua. Aliye nje ya kanda hizo, kwenye nyumba imara isiyoingiliwa na mafuriko, mara nyingi ni heri abaki. Mwaka 2005, kimbunga Rita kilipotangazwa, watu wengi mno waliingia barabarani kwa wakati mmoja, magari yakasimama kwa saa nyingi katika joto kali, na makumi ya watu walikufa katika safari hiyo ya kukimbia.

Nyumba nayo begi halikuigusa, na mnunuzi asidhani kwamba baada ya kulipa dola 160 amemaliza. Viti, vyungu vya maua na baiskeli viingizwe ndani kutoka barazani, maana upepo wa kilomita 120 kwa saa huvirusha kwenye madirisha. Mwenye nyumba akate matawi yaliyokauka mapema na awe na mbao za plaiwudi zilizokatwa kwa vipimo vya madirisha yake. Na bima: ile ya kawaida ya nyumba, au ya mpangaji, hailipi hasara ya mafuriko. Bima ya mafuriko ya mpango wa serikali ya shirikisho huuzwa peke yake, mpangaji anaweza kuinunua kwa ajili ya vitu vyake tu, na kwa kawaida haianzi kufanya kazi mpaka zipite siku 30. Anayeikumbuka kimbunga kikiwa tayari kwenye ramani ya televisheni ameshachelewa.

Nani basi alinunue? Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja, mtu mpya aliyefika mjini mwezi wa nane na hana chochote, au familia iliyo kwenye kanda ya kuhamishwa ambayo inataka kitu cha kunyakua na kuondoka. Kwao nalipa nyota 3 kati ya 5. Kwa familia inayobaki nyumbani nalipa 2, na nyota hizo mbili nazitoa kwa ajili ya redio na mikanda ya begi. Kwa dola 160 hizohizo, familia hiyo inaweza kununua mitungi miwili ya maji, redio ya kuamsha, kifaa cha kugundua hewa ya sumu, taa ya mezani, opena, na makopo ya siku tatu, kisha ikatumia begi la shule lililopo nyumbani. Texas huondoa kodi ya mauzo kwa siku chache mwishoni mwa Aprili kwa vitu vingi vya maandalizi, yakiwemo mabetri na redio za chini ya dola 75 na jenereta za chini ya dola 3,000, na huo ndio wakati wa kwenda dukani, kabla rafu hazijaanza kuwa tupu.

Ukishaamua kulinunua, geuza pakiti za maji na vitonge vya chakula uangalie tarehe kabla ya kufika kwa keshia. Kwenye begi langu nje palitajwa miaka mitano, lakini pakiti zilikuwa zimeshapitisha karibu miaka miwili zikiwa ghalani, na dukani hakuna aliyeniambia mpaka nilipouliza.